Kongamano la uumbaji na umri wa dunia: namna ya kuhudhuria Dar es Salaam na kutoka na kitu mkononi

Watu wanakwenda kwenye makongamano haya na maswali mazito, wanarudi na neno moja: "Lilikuwa zuri." Ukiwauliza mtoa mada alisema dunia ina miaka mingapi, na alijuaje, wanaanza kupapasa. Wengine wanarudi na moto, na kabla ya Jumatatu grupu la WhatsApp la jumuiya limeshagawanyika. Kijana wa kidato cha nne aliyepelekwa ili aimarike anarudi amechanganyikiwa kuliko alivyokwenda.

Mwongozo huu unalenga jambo moja. Ukitoka ukumbini uweze kumweleza mtu mwingine Maandiko yanasema nini, vipimo vinasema nini, na mtoa mada ameongeza nini cha kwake. Hilo la tatu ndilo linalowashinda wengi, kwa sababu linasemwa kwa sauti ileile na kwenye kipaza sauti kilekile.

Niseme mapema niliposimama. Ninaamini Mungu ndiye Muumba wa mbingu na nchi, kama tunavyokiri kila Jumapili. Ninaamini pia kwamba wanajiolojia wanaosema dunia ina miaka kama bilioni 4.5 wamepima kwa bidii na kwa uaminifu. Ndugu zangu wengi kanisani hawakubaliani nami kwenye hili la pili, na bado tunakaribia meza moja ya Bwana. Hatua hizi zitakufaa upande wowote uliopo.

## Vitu vya kuandaa

- Biblia ya karatasi. Ya kwenye simu inafaa, lakini utahitaji kufungua Mwanzo 1, Mwanzo 5 na Warumi 5 kwa pamoja, na kwenye simu unapotea.
- Daftari lenye kurasa zilizogawanywa safu tatu kwa rula, tangu nyumbani.
- Kalamu mbili na vikaratasi vya maswali.
- Simu yenye chaji, iliyozimwa mlio.
- Nauli ya kurudi, ikae mfuko wake.
- Kitenge au sweta. Kumbi zenye viyoyozi hupiga baridi, na mtu anayetetemeka hasikilizi.
- Kitambulisho chako cha taifa, kwa ajili ya hatua ya tisa.

## Hatua ya 1: Soma tangazo mpaka mstari wa mwisho

Tafuta kwanza saa. Likiandika "3:00" peke yake, piga simu uulize ni saa tatu asubuhi au saa tisa alasiri. Watu hufika ukumbi unafagiliwa kwa sababu ya hili.

Kisha tafuta mtoa mada ni nani. Akiandikwa "Daktari", uliza ni daktari wa nini. Daktari wa theolojia anajua Kiebrania cha Mwanzo kuliko mimi na wewe, lakini akizungumzia miamba yuko nje ya shamba lake. Vivyo hivyo mjiolojia anapoanza kufafanua Warumi. Siyo kosa kusema nje ya fani yako, ila msikilizaji inampasa ajue.

Kama kuna kiingilio, usitume hela kwa namba iliyosambazwa kwenye grupu tu. Thibitisha na ofisi ya usharika, na jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri lifanane na la waandaaji.

## Hatua ya 2: Zijue kambi tatu

Ukiingia bila kuzijua utadhani ziko mbili tu, za waamini na za wapagani. Hapo umeshapotea.

Dunia changa. Siku sita ni siku za saa 24, dunia ina miaka kama 6,000 hadi 10,000, na matabaka mengi ya miamba yaliwekwa na Gharika ya Nuhu. Wamarekani John Whitcomb na Henry Morris waliipa kambi hii nguvu mpya mwaka 1961. Leo anayejulikana zaidi ni Ken Ham wa shirika la Answers in Genesis, ambao mwaka 2016 walifungua safina ya Nuhu ya ukubwa kamili huko Kentucky. Waadventista Wasabato nao, katika tamko lao la imani lililorekebishwa mwaka 2015, wanakiri uumbaji wa siku sita uliofanyika karibuni.

Dunia kongwe. Mungu aliumba kwa awamu na kwa muda mrefu. Wapo wanaozisoma siku sita kuwa zama, na wapo wanaoweka pengo kati ya Mwanzo 1:1 na 1:2. Mwanaastronomia Hugh Ross, aliyeanzisha shirika la Reasons to Believe mwaka 1986, anakubali mabilioni ya miaka lakini anakataa kwamba binadamu alitokana na mageuko, yaani viumbe kubadilika polepole kizazi hadi kizazi.

Uumbaji kupitia mageuko. Mungu ndiye Muumba, na mageuko ya viumbe ndiyo njia aliyoitumia. Francis Collins, aliyeongoza mradi wa kusoma jenomu ya binadamu, yaani taarifa zote za urithi zilizomo mwilini, alianzisha shirika la BioLogos mwaka 2007 kwa msimamo huo. Kwa Wakatoliki, Papa Pius wa Kumi na Mbili mwaka 1950 aliruhusu wataalamu wachunguze asili ya mwili wa binadamu, huku akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja.

Tahadhari: usimwite mtu wa dunia kongwe "mfuasi wa Darwin". Ni sawa na kumshuhudia uongo jirani yako.

Utajua umeiva kama unaweza kueleza kila kambi kwa namna ambayo mwenye kambi mwenyewe atatikisa kichwa na kusema, "Ndiyo, hivyo ndivyo tunavyoamini."

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya Mwanzo 5 kwa mkono wako

Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayofungua masikio. Namba ya miaka 6,000 haijaandikwa mahali popote katika Biblia. Imepatikana kwa kujumlisha.

Fungua Mwanzo 5, chukua umri wa kila baba alipomzaa mwana anayetajwa. Adamu 130, Sethi 105, Enoshi 90, Kenani 70, Mahalaleli 65, Yaredi 162, Henoko 65, Methusela 187, Lameki 182. Ongeza miaka 600 ya Nuhu wakati wa Gharika, kutoka Mwanzo 7:6. Jumla yake ni 1,656. Fanya mwenyewe, usiniamini mimi.

Endelea hivyo kwa Mwanzo 11 na vitabu vinavyofuata, nawe utakuwa unafanya kazi aliyoifanya James Ussher, askofu mkuu wa Armagh huko Ireland, ambaye mwaka 1650 alichapisha kwamba uumbaji ulikuwa mwaka 4004 KK. Alikuwa msomi wa kweli, na hesabu yake ilikuja kuchapwa pembeni mwa kurasa za Biblia nyingi za Kiingereza. Lakini Biblia ya kale ya Kigiriki ina miaka mikubwa zaidi kwenye orodha hiyohiyo: Adamu anamzaa Sethi akiwa na miaka 230. Ndiyo maana Wakristo wa Bizanti, waliosoma Kigiriki, walihesabu uumbaji kuwa mwaka 5509 KK.

Soma pia mistari itakayotajwa ukumbini: Mwanzo 1:5, "Ikawa jioni ikawa asubuhi, siku moja", Kutoka 20:11 juu ya siku sita na Sabato, 2 Petro 3:8, siku moja kama miaka elfu. Wa dunia changa watasimama kwenye miwili ya kwanza, wa dunia kongwe watakimbilia wa tatu. Soma sura nzima kila mara, kwa sababu Petro pale anazungumzia uvumilivu wa Bwana katika kurudi kwake, hapangi kalenda ya uumbaji.

Na ukiambiwa kwamba swali la siku sita limeletwa na Darwin mwaka 1859, kumbuka Augustino wa Hippo. Huyu ni Mwafrika, askofu, aliyefariki mwaka 430, na hakuzichukua siku zile kuwa siku za kawaida za jua. Aliona kwamba Mungu aliumba vyote kwa mara moja. Kanisa limelijadili jambo hili zamani, bila kufukuzana.

## Hatua ya 4: Vielewe vipimo vitatu

Huhitaji shahada. Unahitaji kujua kipimo gani kinapima nini, kwa sababu makosa mengi ya jukwaani yanatokea hapa.

Kaboni 14 hupima vitu vilivyowahi kuwa hai: mkaa, mbao, mifupa. Nusu yake huisha kila baada ya miaka 5,730, hivyo ikipita miaka kama 50,000 hakuna kinachobaki cha kupima. Mtoa mada akisema "kaboni 14 haiwezi kupima mamilioni ya miaka" amesema kweli kabisa. Ila hakuna mjiolojia anayeitumia kwa kazi hiyo, kwa hiyo maneno yake hayajaugusa umri wa dunia.

Potasiamu na agoni hupima miamba ya volkano. Mwamba ukiwa uji wa moto, gesi ya agoni hutoka. Ukiganda, potasiamu iliyomo huanza kutengeneza agoni mpya, polepole sana. Ni kama ndoo iliyomwagwa maji yote kisha ikawekwa chini ya bomba linalodondosha: ukijua kasi ya matone na kiasi kilichomo, unajua imekaa hapo muda gani. Kwa njia hii, mwaka 1961 yalitangazwa majibu ya tabaka la Olduvai ambamo mtafiti Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale mwenye sura ya kukaribia binadamu, tarehe 17 Julai 1959. Jibu lilikuwa miaka milioni 1.75.

Urani na risasi ndicho kipimo kilichotoa umri wa dunia yenyewe. Mwaka 1956 mwanasayansi Clair Patterson alipima risasi iliyomo ndani ya vimondo, kikiwemo kimondo cha chuma cha Canyon Diablo huko Arizona, akapata miaka bilioni 4.55. Aliyewahi kukiona kimondo cha Mbozi, nacho ni cha chuma, anajua ni jiwe la namna gani.

Wa dunia changa wana hoja tatu halali za kuuliza: kasi ilikuwa ileile siku zote? Mwanzoni kulikuwa na kiasi gani? Hakuna kilichoingia wala kutoka? Mfano wanaoupenda ni wa mlima St. Helens wa Marekani. Mwamba uliotokea huko mwaka 1986 ulipimwa kwa potasiamu na agoni ukaonekana wa miaka kama 350,000. Majibu ya wanajiolojia ni kwamba ndani yake mlikuwa na chembe za zamani zilizobeba agoni yake, na kwamba kipimo hicho hakifai kwa mwamba mchanga kiasi hicho.

Kwangu mimi kinachobeba uzito ni kwamba njia tofauti, zenye kasi tofauti, zinapotumika kwenye mwamba unaofaa hukubaliana. Kipimo kimoja kinaweza kukosea. Vingi kukosea kwa namba ileile ni jambo linalodai maelezo, na maelezo hayo bado sijayasikia jukwaani.

## Hatua ya 5: Safari na kiti

Toka mapema. Foleni ya Jumamosi asubuhi haieleweki, na kama ukumbi uko karibu na barabara ya mwendokasi, panda mwendokasi hata kama una gari. Kaa safu ya tatu au ya nne, katikati, mahali unapoisoma picha ya ukutani. Nyuma karibu na mlango ni pazuri kwa mama mwenye mtoto mchanga, siyo kwa mtu aliyekuja kuandika.

## Hatua ya 6: Andika kwa safu tatu

Vichwa vya safu ni hivi: Andiko, Kipimo, Maelezo yake. Kila sentensi nzito inayosemwa, ipeleke kwenye safu yake.

Tuchukue mfano ambao karibu kila kongamano la namna hii unatajwa. Mtoa mada anasema, "Wamekuta nyama laini ndani ya mfupa wa dinosaria, kwa hiyo hauwezi kuwa wa mamilioni ya miaka." Watu wanapiga makofi. Wewe andika.

Andiko: hakuna.

Kipimo: mwaka 2005, mtafiti Mary Schweitzer, mfupa wa dinosaria aitwaye Tyrannosaurus kutoka Montana, Marekani. Baada ya kuyeyusha madini kwa asidi, zilibaki tishu laini zinazovutika.

Maelezo yake: "kwa hiyo ni wa maelfu ya miaka."

Unaona sasa. Kilichoonekana maabara ni kweli, na kiliwashangaza wanasayansi wenyewe. Ile "kwa hiyo" ndiyo ya mtoa mada. Schweitzer mwenyewe ni Mkristo, anaukubali umri wa mfupa ule wa miaka kama milioni 68, na baadaye yeye na wenzake walieleza kwamba chuma kutoka kwenye damu huenda ndicho kilichosaidia tishu zisioze.

Tumia safu hizohizo kwa kambi nyingine. Akisimama wa mageuko akasema, "Visukuku vinaonyesha viumbe vilibadilika, kwa hiyo Mwanzo ni hadithi tu," visukuku ni mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika kwenye miamba, nusu ya kwanza ni ya safu ya pili na nusu ya pili ni ya safu ya tatu.

Tahadhari: pakiwa na mkalimani, namba huharibika njiani. Milioni na bilioni hupishana mdomoni mara nyingi. Nakili tarakimu kutoka kwenye picha ya ukutani, siyo kutoka kwenye sauti.

Mpaka mapumziko ya chai, ukurasa wako uwe na maandishi kwenye safu zote. Safu ya tatu ikiwa tupu kabisa, ujue umekuwa ukiyaandika maoni kama ushahidi. Rudi nyuma uyahamishe.

## Hatua ya 7: Uliza swali moja, fupi

Hapa ndipo kipindi kizima huharibika. Mtu anapewa kipaza sauti, anahubiri dakika tano, mwenyekiti anamkatisha, swali halijaulizwa. Au anauliza, "Mtumishi, kwa nini wanasayansi wanampinga Mungu?" Hilo lina jibu moja tu, Amina, na hutajifunza chochote.

Swali zuri linataja alichosema mtoa mada, linataja jambo moja linaloweza kuhakikiwa, linakwisha. Kwa mfano:

"Bwana Yesu asifiwe. Naitwa fulani, natoka usharika wa Kimara. Mchungaji, umetueleza habari ya mwamba wa St. Helens. Je, unao mfano wa mwamba wa zamani, kama wa Olduvai, uliopimwa kwa njia mbili tofauti na majibu yakapishana? Asante."

Na kama jukwaani yuko mtu wa dunia kongwe, usimwachie apite kirahisi:

"Shikamoo, Mzee. Warumi 5:12 inasema mauti iliingia ulimwenguni kwa dhambi ya mtu mmoja. Kama wanyama walikuwa wanakufa mamilioni ya miaka kabla ya Adamu, andiko hili unalisomaje?"

Hili la pili ndilo zito kuliko yote kwa Mkristo, na mtoa mada makini atalichukua kwa uzito. Atakwambia pengine Paulo anazungumzia mauti ya watu, au mauti ya kiroho. Mpime hapo.

Andika swali kwenye kikaratasi, lisome kama lilivyo, keti. Usiliongezee kitu ukiwa umesimama. Ukinyimwa nafasi, mfuate wakati wa chakula kwa adabu, akiwa ameshamaliza sahani yake.

Jibu la "sijui, nitalifuatilia" lipe heshima. Mtoa mada anayethubutu kusema hivyo mbele ya ukumbi uliojaa, mengine anayosema yana thamani zaidi machoni pangu.

## Hatua ya 8: Meza ya vitabu

Nunua kimoja, cha mtu anayewataja wapinzani wake kwa majina na kunukuu maneno yao. Kikisema "wanasayansi wanadai" ukurasa baada ya ukurasa bila kutaja ni nani na wapi, rudisha mezani.

## Hatua ya 9: Nenda Makumbusho ya Taifa wiki hiyohiyo

Sisi wa Dar tuna bahati ambayo wengi hawana. Fuvu la Zinjanthropus linalotajwa kwenye makongamano ya dunia nzima limehifadhiwa mjini kwetu, Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na Bustani ya Mimea.

Tahadhari kubwa: usimwambie kondakta "Makumbusho" peke yake. Atakushusha stendi ya Makumbusho, Kijitonyama, kwenye kijiji cha nyumba za asili, mbali kabisa na unakotaka. Sema Posta, au panda mwendokasi ya Kivukoni, kisha tembea. Onyesha kitambulisho cha taifa upate kiingilio cha Mtanzania.

Nenda na daftari lako. Simama kwenye kabati, andika umri uliobandikwa, uliza ulipimwa kwa njia gani, na uliza kama unachokitazama ni fuvu halisi au nakala. Utaona taya pana na meno ya nyuma makubwa kuliko ya binadamu yeyote. Uliza pia habari za Tendaguru, Lindi, ambako kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria na kuisafirisha kwao, zaidi ya tani 200. Wapagazi waliibeba kwa miguu mpaka bandarini. Dinosaria mmoja wa huko amesimamishwa Berlin mpaka leo, kimo cha zaidi ya mita 13.

Umefanikiwa ukirudi na angalau mstari mmoja mpya kwenye safu ya kipimo, ulioupata kwa macho yako.

## Hatua ya 10: Zungumza na watoto kabla ya mtihani

Mtoto wa sekondari hukutana na mageuko kwenye masomo ya shule, hasa Biolojia. Usimwambie akatae kujibu. Kaa naye, mfungulie daftari lako, mwonyeshe safu tatu, na muache akuulize maswali magumu bila kumkemea.

Kwenye karatasi ya mtihani, swali likisema aeleze ushahidi wa mageuko, aandike ushahidi uliofundishwa darasani: visukuku, mifupa inayofanana kati ya viumbe, na mengine aliyosoma. Anaweza kuanza kwa "Kwa mujibu wa nadharia ya mageuko" na asiwe amesema uongo wowote. Kama ana maswali ambayo wewe huna majibu yake, mpeleke kwa mwalimu wake wa Biolojia na kwa mchungaji wake, wote wawili, na ikiwezekana wiki moja.